Nyumba Aliyofia Baba

Fimbo ya wazee ilibaki inaning'inia hewani.

Tulipoachana wiki iliyopita, Mzee Igbinovia, mkuu wa ukoo, alikuwa akimkabidhi Iyare fimbo ya marehemu baba yake. Iyare alishatoa mikono miwili. Vidole vilikuwa karibu kugusa mti. Ndipo sauti ikatoka barazani: "Hiyo fimbo ni yangu. Mwana wa kwanza ni mimi."

Wiki nzima mmeuliza ni nani. Haya, mtazameni anavyoingia.

Mwanamume mrefu, shuka jeupe kiunoni, kifua wazi, miguu pekupeku kama mtu anayeingia kwao. Hakubisha hodi. Alipita katikati ya wazee, akasimama mbele ya Mzee Igbinovia na kuinamisha kichwa.

"Naitwa Nomayo Ekhator. Mama yangu ni wa Sapele. Mzee alinizaa kabla hajamwoa Mama huyu."

Akamwonyesha kwa kidevu mjane aliyekaa pembeni. Mama Iyare hakuinua uso. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anakunjua, anakunja tena.

"Mtoeni nje," Iyare akasema.

"Polepole, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani? Baba yangu nimemzika mimi. Ng'ombe nimenunua mimi. Nimecheza ngoma ya mazishi mtaa mzima mpaka viatu vikapasuka."

"Nimeona," Nomayo akasema kwa upole. "Ulinizikia vizuri. Asante."

Kuna mzee alicheka, akajifanya anakohoa.

Msomaji, huko Benin, ule mji wa Nigeria, watu hawachezi na neno hili. Nyumba aliyoishi baba na kufia humo wanaiita igiogbe, na haigawanywi. Inakwenda nzima kwa mwana wa kwanza wa kiume. Mashamba, magari na nyumba nyingine, watoto wote watagawana. Lakini ile ya kifo ni ya mmoja. Kwa hiyo aliyesimama pale na shuka jeupe hakuja kuomba chumba. Alikuja kuchukua kila kitu, kuanzia geti ambalo Iyare mwenyewe alilichomelea hadi kitanda anacholala mama yake.

Mzee Igbinovia aliirudisha fimbo magotini. Ni mtu mkavu, ana macho madogo, hapendi kuharakishwa.

"Maneno ni mepesi," akasema. "Hata kasuku anayo. Wewe wa Sapele, uliwahi kuishi na Ekhator?"

"Niliishi naye nikiwa mdogo. Huyu Iyare alikuwa hajazaliwa. Mama yangu akanichukua, sikumwona baba tena."

"Basi kiti chake kile pale. Ni asubuhi. Baba yako ameamka. Msalimie."

Kila ukoo wa Benin una salamu yake ya asubuhi, na mtoto humpigia baba yake magoti anapoitoa. Mgeni hawezi kuibahatisha. Iyare alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Nomayo alikitazama kile kiti cha ngozi kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akakiendea. Akakizunguka kwa nyuma, akatokea upande wa kulia, akapiga magoti, akasogeza mdomo hadi pale ambapo pangekuwa na sikio la mtu aliyekaa.

"Lavbieze, Baba," akasema. Sauti ikakatika. "Lavbieze."

Machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi kweli, ya kudondoka.

Shangazi mmoja akaanza kulia naye. Wazee wakatazamana. Tabasamu la Iyare likaganda usoni.

"Ni salamu yetu," Mzee Igbinovia akasema taratibu. "Leteni njugu za kola. Tule kwanza. Jambo hili limekuwa kubwa."

* * *

Iyare alisimama dirishani, mgongo kwa watu. Aliona aibu. Aliona hasira. Kubwa zaidi, aliona kitu kinamwasha kichwani na hakijui jina.

Upande wa kulia.

Kwa nini alizunguka kiti? Alikuwa amekuja kutoka kushoto. Angepiga magoti hapohapo. Mtu yeyote angepiga magoti hapohapo.

Isipokuwa watu wa nyumba hii.

Maana Mzee Ekhator alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto. Ukimsalimia upande huo, unasalimia ukuta. Watoto wake walizoea kuzunguka kiti asubuhi bila hata kufikiri. Lakini sikio hilo halikufa zamani. Lilikufa siku transfoma ya mtaa ilipopasuka juu ya geti, Mzee akiwa chini yake anafunga mlango wa gari. Iyare alikuwa sekondari siku hiyo. Alimsaidia baba yake kuinuka.

Na huyu wa Sapele anasema aliondoka kabla Iyare hajazaliwa.

Kuna mtu amemfundisha. Na amemfundisha mno.

Iyare aligeuka, akamwendea Mzee Igbinovia, akainama karibu naye.

"Mzee, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Umemfundisha salamu huyu mtu."

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mlevi.

"Baba yako ndiye alikuwa ananipigia magoti mimi. Mimi nitajuaje ninyi mlimsalimia upande gani? Na tulinuniana yeye na mimi miaka mingapi? Nimekanyaga nyumba hii kwa ajili ya jeneza tu."

Ni kweli. Basi ni nani aliyekuwa anamsalimia Mzee kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ya mwisho?

Iyare alijua jibu kabla hajamaliza swali. Alitamani asilijue.

* * *

Jikoni, dada yake Isoken alikuwa anakoroga supu ya pilipili. Bado alikuwa na viatu vya zahanati anakouguza, vile vyeupe, kwa sababu alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Hakugeuka.

"Kola imekwisha huko?" akauliza.

"Umepata wapi huyo mtu?"

Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Isoken."

"Nimekusikia, kaka. Mimi masikio yangu yote mawili mazima."

Iyare alishika ukingo wa meza. Alikuwa bado na tumaini dogo, na dada yake alilizima hivyo tu, kama anazima jiko.

"Ni nani?"

"Mtu tu. Alimleta mama yake zahanati, mama akafa. Nikamwona anavyolia. Nikajua huyu anaweza kulia mbele ya watu." Alionja supu, akaongeza chumvi. "Amekubali kupokea fimbo leo, na kesho nyumba anatuachia mimi na Mama. Anarudi kwao. Basi."

"Umemleta mwizi kwenye nyumba ya Baba."

"Mwizi alikuwa humu tayari."

"Mimi?"

Sasa aligeuka. Msomaji, nimewahi kuona watu wakigombana kwa panga, na bado sijaona macho kama yale.

"Nani alimwosha Baba alipokuwa hawezi kujiosha?" Isoken akauliza. "Ulikuwa unakuja mlangoni na grisi mikononi, unauliza, vipi Mzee, unarudi kwenye mageti yako. Sikukulaumu. Mwanamume na kazi yake. Lakini udongo wa kaburi haujakauka, umemleta fundi wa vyumba vya wanafunzi. Mmepima nyumba nzima. Mmepima chumba cha Mama, na Mama mwenyewe amekaa kitandani."

"Chuo kiko pale, Isoken. Kila mtu hapa Ugbowo anapangisha wanafunzi. Ningemjengea Mama chumba kule nyuma."

"Pembeni ya mashine yako ya kuchomelea."

"Kizuri. Chenye vigae."

"Ulimwambia ainue miguu, tepu ipite."

Iyare alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo kweli, tena kwa haraka, kama unavyomwambia mtu anayekuzuia kufagia.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," Isoken akasema, sauti imeshuka. "Uniruhusu niseme na wazee, hicho chumba kibaki cha Mama mpaka afe. Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia ungoje."

"Uliniambia mwanamke huolewa akaenda kwa watu. Hiyo ndiyo uliyoniambia."

Hapa Iyare angeweza kusema neno moja dogo. Mnalijua. Lakini alikuwa mwana wa kwanza, na mwana wa kwanza aliyeibiwa hasemi neno hilo.

"Nakwenda kuwaambia wazee habari ya sikio," akasema. "Huyo mtu wako atatoka hapa anakimbia."

"Nenda," Isoken akasema, akairudia sufuria. "Lakini utahitaji shahidi."

* * *

Aliongea vizuri. Lazima tumpe haki yake. Alisimama katikati ya chumba, akaeleza sikio la kushoto, akaeleza transfoma, akaeleza jinsi wao watoto walivyojifunza kuzunguka kiti.

"Sasa mwulizeni," akamalizia. "Aliyeondoka humu Baba akiwa na masikio mawili, kwa nini amesalimia kama Baba ana moja?"

Wazee wakanung'unika. Nomayo akatokwa jasho juu ya mdomo. Shangazi aliyekuwa akilia akajipangusa machozi, akamtazama yule mtu kwa jicho jingine.

"Neno zito," Mzee Igbinovia akasema. "Mimi nilikuwa nampigia kelele Ekhator, lakini wazee wote tunapigiana kelele. Nani anajua sikio hilo lilikufa lini?"

"Mama anajua," Iyare akasema haraka. "Mama ndiye aliyempaka dawa. Mama, waambie."

Mama Iyare aliitwa kwenye madhabahu ya wazee waliotangulia pale kona, penye fimbo za marehemu na kengele ya shaba. Aliwekewa chaki nyeupe ya kiapo kiganjani. Neno litakalosemwa hapo, baada ya kola kuvunjwa, halirudishwi. Mwanamke akidanganya hapo na ikajulikana, anatoka kwenye ukoo na kitenge chake tu.

"Mke wetu," Mzee akamwambia kwa heshima, "sikio la mume wako. Lilikufa lini?"

Mama alitazama chaki. Halafu akamtazama Iyare, kwa muda, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anampima yeye nguo. Mlangoni mwa jikoni alikuwa amesimama Isoken.

"Mama," Iyare akasema. "Transfoma."

"Nilimkuta hivyo," Mama akasema.

"Mama."

"Nilipoolewa naye nilimkuta hivyo. Alikuwa hasikii upande wa kushoto tangu ujana."

Kengele ya shaba ilikuwa inatikisika kidogo kwa upepo wa pangaboi.

"Mama, ulinishika mkono siku ile. Ulikuwa unalia. Ulisema, mwanangu, baba yako hanisikii."

"Sikumbuki," Mama akasema, na chaki ikavunjika kiganjani mwake.

Mimi sina maneno ya kueleza uso wa Iyare. Mtu akisalitiwa na adui, anakasirika. Akisalitiwa na ndugu, anatukana. Huyu alikaa tu, mdomo wazi, kama mtoto aliyeachiwa mkono sokoni.

Kisha akaruka.

"Mtaa!" akasema. "Mtaa mzima ulikuwepo. Ngojeni hapohapo, Mzee. Nakuleteeni mtaa."

* * *

Nje ya ukuta, kama kila siku, kulikuwa na watu na madumu yao. Marehemu Ekhator alipochimba kisima alitoboa ukuta, akatoa bomba nje, akasema maji hayana mwenyewe. Mtaa ulikunywa hapo miaka yote. Lakini Iyare, mazishi yalipokwisha, alilichomelea bomba kizimba cha chuma, kizuri sana, na juu yake kufuli. Alisema akishakuwa mwenye nyumba rasmi atakaa na majirani wazungumze.

Kwa hiyo madumu yalikuwa makavu. Watu walikuwa wanayakalia.

"Bwana Monday," Iyare akamwambia fundi matairi. "Njoo ndani uwaambie wazee ile transfoma ilipasuka mwaka gani."

"Transfoma gani?"

"Hiyo hapo juu yako."

Monday aliinua macho, akaitazama muda mrefu kama kitu kipya.

"Ahaa. Hiyo. Mimi nimekuja mtaa huu juzi tu, kaka."

"Umezaliwa nyumba ya tatu."

"Ndiyo. Lakini nilikuwa nalala sana."

Watu wakacheka, kicheko kisicho na raha. Iyare akamgeukia Mama Eseosa, muuza bagia, aliyemtuma sukari tangu akiwa na kaptula.

"Mama Eseosa, wewe ulimwagia Baba maji usoni siku ile."

"Ndiyo, nilimwagia maji," mama yule akasema. "Siku zile maji yalikuwepo."

"Nakuomba. Ni nyumba yetu inakwenda."

"Mwanangu, kiu inapoteza kumbukumbu. Mimi hata jina lako linakuja na kuondoka."

"Nafungua. Nafungua sasa hivi, mchote wote."

"Fungua basi, tuanze kukumbuka."

Akapapasa mfukoni. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali ya kazi, na suruali ya kazi ilikuwa imening'inia karakanani. Akatazama ng'ambo ya barabara, akitafuta hata mtu mmoja.

Alimwona Mama Orobosa, mjane wa marehemu mwalimu, amesimama dirishani kwake. Huyu ana kisima chake mwenyewe, hajawahi kupanga foleni hapa. Hana kinyongo cha maji. Iyare akainua mkono kumwita.

Mama Orobosa akafunga dirisha. Akavuta na pazia.

Hilo Iyare hakulielewa. Liwekeni akilini, msomaji, maana hata mimi sitaliacha.

Alikuwa ameanza kukimbilia karakanani alipousikia mlio kutoka sebuleni. Fimbo ya wazee imegongwa sakafuni. Ikagongwa tena. Watu waliokaa juu ya madumu wakasimama, kwa sababu kila mtu Benin anaujua mlio huo.

Nyumba imekwisha kupata mwenyewe.

* * *

Nomayo alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha ngozi. Kitambaa cheupe kilikuwa sakafuni. Fimbo iko mapajani.

"Bangili ya marijani ya baba yako hatunayo," Mzee Igbinovia alikuwa anamwambia. "Ilipotea siku ya msiba, haikuwa mkononi mwa maiti. Tutaitafuta. Mengine yote ni yako."

"Nashukuru, Mzee. Nawashukuru wote." Akamgeukia mjane. "Nakushukuru zaidi wewe, Mama. Umesema kweli mbele ya wazee waliotangulia. Si kila mwanamke angeweza."

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Sasa," Nomayo akasema, akijinyoosha, "mimi nina mke na watoto. Kile chumba cha upande wa jua, kile cha Mama, naomba kisafishwe. Nitawaleta Jumapili."

Isoken alitoka mlangoni mwa jikoni na taulo mkononi.

"Kisafishwe vipi?"

"Kisafishwe, dada yangu. Na cha kwako pia. Mtu mzima kama wewe utapata pa kupanga. Karibu na zahanati."

"Nomayo, tulikubaliana—"

"Tulikubaliana nini?"

Alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Aliegemea nyuma, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake la kulia, akatabasamu.

"Sema kwa nguvu wazee nao wasikie. Mimi na wewe tulikubaliana nini, na lini, na Mama alikuwa anajua?"

Isoken alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, na vipande vya chaki bado kiganjani. Akautazama ukoo mzima unaomngoja aseme.

Akafunga mdomo.

"Nilidhani," Nomayo akasema. "Hiyo supu inanukia vizuri. Nipakulie."

Iyare alikuwa mlangoni, ameyasikia yote. Alitaka kucheka. Kicheko kilipanda hadi kooni, maana aliyemchimbia kaka yake shimo ametumbukia yeye. Lakini Mama Iyare aliinuka kitini ili aende chumbani, miguu ikamkatalia, akakaa chini sakafuni, polepole, kama mtu anayeambiwa inua miguu na hana pa kuiweka.

Kicheko kikarudi kilikotoka.

* * *

Alimkuta Isoken nje ya geti, ameegemea kile kizimba cha chuma. Alikuwa halii. Watu walikuwa wanaondoka na madumu matupu, na hakuna aliyewasalimia.

"Piga," Isoken akasema. "Unayo haki leo."

"Sina nguvu ya kupiga mtu."

Ndani ilisikika sauti ya Nomayo akiomba supu iongezwe.

"Umetumaliza, Isoken."

"Tumemalizana."

"Tunafanya nini?"

Isoken alivua kofia yake ya zahanati, akaikunja, akaikunja tena, kama mama yake na kile kitenge.

"Kuna jambo moja yule mtu halijui," akasema. "Wewe pia hulijui. Nilikula kiapo nisilitoe."

"Toa."

"Mwana wa kwanza anapata nyumba gani?"

"Usinifanyie mchezo."

"Jibu, kaka."

"Aliyoishi baba na kufia humo."

Dada yake akamtazama, na akaacha neno lile lizunguke lenyewe mpaka likamgonga.

"Baba alifia kitandani kwake," Iyare akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetuamsha. Nilimkuta kitandani."

"Ulimkuta. Ndiyo."

"Isoken."

"Nilimleta kwa lile toroli la karakana yako, nimemfunika shuka, mtaa haujaamka. Nilimvusha barabara. Siku zile za mwisho alikuwa anajikongoja na mkongojo, anasema anakwenda kunyoosha miguu. Nilijua anakokwenda. Nilimwachia, ilikuwa ndiyo furaha yake iliyobaki."

Iyare akakishika kile kizimba.

"Nikilisema hili kwa wazee," Isoken akaendelea, "fimbo inatoka mikononi mwa yule mtu leo hii. Nyumba siyo ya kifo tena. Itagawanywa kwa watoto, na Mama atapewa chumba chake. Na yule mtu awe mtoto asiwe mtoto, hawezi kuwatoa watu."

"Basi sema."

"Wewe unapoteza haki yako ya mwana wa kwanza milele."

Iyare aliitazama nyumba: paa, geti, ukuta, kizimba.

"Sema," akarudia. Ilimtoka kama jino.

"Siyo hilo linalonizuia, kaka." Sauti yake ilipasuka sasa. "Mama hajui. Mama amekula kiapo cha uongo mbele ya fimbo kwa ajili ya nyumba ya mume wake. Nitamwambiaje mume wake alifia wapi?"

"Alifia wapi?"

Isoken hakujibu kwa mdomo. Aliinua macho ng'ambo ya barabara.

Mlango wa Mama Orobosa ulikuwa wazi. Mjane yule alikuwa amekwisha kushuka ngazi, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, anavuka barabara kuja kwao bila kutazama kulia wala kushoto. Na kwenye kiganja chake, mbele yake, kama mtu anayebeba kaa la moto, ilikuwa bangili nyekundu ya marijani.

"Nimechoka kuificha," akasema alipofika. "Nisaidieni niingie, niseme na wazee."

Iyare akanyoosha mkono kumzuia. Akachelewa.

Nyuma yao geti lilikuwa limefunguka, na Mama alikuwa amesimama hapo, amejishikilia kwenye chuma, anaitazama ile bangili.